Vyombo vya Nje Vilivyohama Kabatini Kwangu

Nianze na langu kabla sijafika kwa la mume wangu. Nikianza na lake mtanionea huruma, na nikishaonewa huruma sitapata tena nguvu ya kusema langu. Mimi nilimkana rafiki yangu mbele ya watu, kwa maneno machache tu, chai ikiwa inamiminwa. Maneno yale bado yamenikaa kooni.

Jina langu naliweka pembeni. Ninaishi Kiwalani, nina watoto wawili wa kiume, na kwa muda nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake mtaani kwetu. Uenyekiti nautaja kwa sababu ndio ulioniponza. Ukishaitwa mwenyekiti asubuhi na jioni, unafika mahali unadhani hata mvua inasubiri uidhinishe.

Mume wangu ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha vyombo vya nyumbani: sufuria, masinia, sahani, hotpoti. Wanaume wengi wa mtaa wetu wamepata riziki pale, wengine kwa ajira, wengine kwa vibarua. Kisha vyombo kutoka nje vikajaa madukani, vyepesi, vinang'aa, bei ya kutupa. Vya kiwanda chetu vikalala ghalani, zamu zikapunguzwa, na wanaume wazima wakawa wanashinda kijiweni wakicheza drafti tangu asubuhi. Kwa hiyo msidhani kususia kwetu kulikuwa mchezo. Tulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya kweli.

Mume wangu Mungu kamjalia mdomo. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema, “Ndugu zangu, kila sahani ya nje unayoinunua, ujue kuna jirani yako umempindulia yake.” Watu walipiga makofi mpaka ikabidi tuombwe utulivu. Mimi nilipiga kuliko wote, nikajisikia mke wa mtu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia, “Nyie kina mama ndo wenye majiko. Sie tutapiga kelele weee, lakini mkigoma nyie, ishu imekwisha.”

Kikundi chetu kilikuwa cha kusaidiana kwenye misiba, arusi na uzazi. Nikaitisha kikao, tukaongeza sharti: hakuna kununua chombo cha nje, na atakayekutwa nacho kipya anapigwa faini. Wote wakakubali.

Tungeishia hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini mume wangu alianza tabia ya kukaa sebuleni akilitazama kabati langu la vyombo huku akitikisa kichwa. “Mke wangu, unawaambia wenzio wasinunue, na kabati lako limejaa vya nje. Watakusikiliza vipi?” Leo neno, kesho neno. Nikaanza kuliona kabati langu kwa macho yake. Mwishowe wazo likanijia, na ningeapa kwamba ni langu mwenyewe: tusiishie kwenye kununua, tuvitoe hata vile tulivyonavyo.

Mwanamke wa Dar anajua kabati la vyombo maana yake nini. Vile vyombo havitumiki, vinatazamwa. Mgeni akiingia anavisoma kabla hajakusoma wewe mwenyewe. Vyangu vilikuwa seti ya kauri yenye maua ya zambarau, niliyotunzwa na mama na shangazi zangu siku ya kicheni pati. Bakuli lake kubwa lilikuwa na ufa, nikawa naligeuzia ufa ukutani. Mama alishafariki. Hata hivyo nikasema nitaanza kutoa mimi, ili wenzangu wafuate.

Mpango ulikuwa hivi. Mume wangu angevikusanya kwa kirikuu, gari dogo la mizigo la rafiki yake, avipeleke Mbezi Luis kwa wafanyabiashara wanaosafirisha vitu mikoani. Kitakachopatikana angetununulia vyombo vya kiwandani kwa bei ya wafanyakazi.

Somoe akanyoosha mkono. “Naomba kuuliza, mwenyekiti. Kwani huko mikoani hakuna Watanzania?”

Kikao kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimwambia akae chini, hoja yake itajibiwa baadaye, na haikujibiwa mpaka leo.

Niwaambie Somoe ni nani. Ni jirani yangu, mlango wake na wangu inatazamana. Kwao ni Mtwara, umri wetu mmoja, na aliponikuta mgeni wa jiji, nimetoka zangu Dodoma sijui hata kukuna nazi, ndiye aliyenifundisha. Mumewe, Bakari, alikuwa mchonga vinyago. Alifariki akamwachia watoto na kabanda ka kuchomea samaki. Kila siku alasiri, samaki wakishauzwa, Somoe aliweka mkeka barazani kwake na kuniita, “Shoga, njoo kabla haijapoa.” Chai yake ilitoka kwenye birika la kauri, jeupe, lenye mstari wa bluu shingoni.

Birika lile Bakari alimnunulia alipojifungua mtoto wa kwanza. Lilitoka nje, hilo halina ubishi. Kifuniko chake kilivunjika walipohama nyumba, na Bakari akachonga kingine kwa mpingo: kuku ameatamia, kishungi kimepinda upande mmoja. Somoe alikuwa na utani wake, akimimina husema, “Ngoja kwanza tumwombe mama kuku ruhusa.” Nimekunywa chai ya kuku yule miaka na miaka. Nimeinywa nikiwa na furaha, nimeinywa siku niliyorudi kumzika mama.

Siku ya kutoa vyombo tulifunga turubai uani kwangu. Wengine walikuwa wanarekodi kwa simu. Nikatoa seti yangu ya zambarau, sahani moja moja, vigelegele vikapigwa. Wenzangu wakafuata. Somoe akaleta sahani zake na glasi zake, akaziweka, akarudi kukaa.

Hapo ningenyamaza. Lakini mwenyekiti hanyamazi. Nikasema mbele ya wote, “Somoe, na birika je?”

Akacheka, akidhani natania. “Birika la nje, sawa, sikatai. Lakini kifuniko kachonga marehemu, mti wa kwetu, mkono wa kwetu. Sasa mwenyekiti, nitoe lipi?”

Watu wakacheka tena. Ningecheka nao ingeishia pale. Lakini niliona kicheko kile kimenipunguza, na mume wangu alikuwa amesimama pembeni ananitazama. “Toa vyote,” nikasema. “Sheria haina nusu. Nikikuachia wewe, kesho kila mtu atakuwa na kifuniko chake.”

Uso wake ulibadilika kidogo. Akavuka kwenda kwake, akarudi na birika limeviringishwa kwenye khanga. Akaitoa khanga, akaikunja, akampa mume wangu birika mkononi. Mume wangu akalipokea kwa mikono miwili akasema, “Hongera sana mama. Huu ndo uzalendo.”

Baada ya wiki hivi vyombo vya kiwandani vikaja. Sijui vilitolewa kwenye rundo gani, maana sufuria zilikuwa na tako la kuyumba, ukiziweka jikoni zinacheza singeli zenyewe. Tukazisifia hivyo hivyo. Mimi nilizisifia zaidi, na nilimpiga faini mwenzetu mmoja aliyeonekana na hotpoti mpya ya nje. Chai ya alasiri kwa Somoe iliendelea, sasa anamimina kutoka kwenye sufuria kwa upawa. Hakuwahi kulitaja birika. Nikachukulia kwamba ameshasahau.

Huku nyumbani mume wangu akaanza kupata zamu za usiku, nyingi, mfululizo. Alisema kazi imerudi kwa sababu ya sisi kina mama. Nililitangaza hilo kwenye kikao kwa fahari. Nilisema, “Mume wangu siku hizi namwona kwa nadra, na simlaumu, maana ndiyo matunda ya mgomo wetu.” Walinipigia makofi kwa hilo pia. Nikilikumbuka natamani ardhi inifunike.

Sasa kulikuwa na mwenzetu aliyejiunga karibuni, Mama Kelvin. Akatuambia mtoto wa mama yake mdogo, binti anayeitwa Rehema, amejifungua huko Tegeta, na hana ndugu wengine hapa mjini. Desturi yetu ilikuwa wazi. Mwenzetu akiwa na mzazi, tunakwenda kumwona. Tukakodi gari, tukawa watano, Somoe na Mama Kelvin wakiwemo, na khanga, sabuni, unga wa lishe na sukari, vyote vya nyumbani kama sharti letu lilivyotaka.

Nyumba ilikuwa mpya, nje bado haijapigwa lipu, ndani safi kama imefutwa kwa ulimi. Rehema alikuwa msichana mpole, wa kuweza kuwa mdogo wetu wa mwisho. Akapiga goti, “Shikamooni mama zangu, karibuni sana.” Tukaitikia marahaba. Akatwambia baba wa mtoto yuko kazini, kazi zake ni za zamu, samahani hatutamkuta. Nikamwambia usijali mwanangu, hata wangu ni hivyo hivyo.

Nikakaa kwenye sofa, nikainua macho. Mbele yangu palikuwa na kabati, na ndani ya kabati seti ya kauri yenye maua ya zambarau.

Sikushtuka sana mwanzoni. Nilijiambia seti kama zile ziko nyingi. Kisha nikaliona bakuli kubwa, limegeuziwa ufa mbele, kwa sababu aliyelipanga hakujua upande wa kuficha. Nikajiambia tena, basi wale wafanyabiashara hawakuvipeleka mikoani, wameviuza hapa hapa, na msichana wa watu amenunua. Yaani nilikuwa namtetea mume wangu peke yangu kichwani, hata kabla hajashtakiwa na mtu.

Mama Kelvin akaingia jikoni, akarudi na sinia la vikombe. Katikati ya sinia kuna birika jeupe lenye mstari wa bluu shingoni, na juu yake kuku wa mpingo ameatamia.

Sikumtazama Somoe. Nilishindwa. Nikamtazama mtoto aliyekuwa amewekwa mapajani mwangu, na ili nipate cha kusema nikauliza, “Na mrembo wetu mmemwita nani?”

“Nyamizi,” Rehema akasema. “Jina la mama yake baba. Yuko Tabora. Baba yake kasema lazima, maana bibi amesubiri sana wajina wake.”

Mama mkwe wangu anaitwa Nyamizi. Yuko Tabora. Kwao mtoto wa kwanza wa kike lazima achukue jina la mama wa baba, na mimi Mungu alinipa wavulana tu. Kila nikienda kule mama mkwe hunishika tumbo na kusema, “Wajina wangu bado yuko njiani.” Vyombo vinaweza kuuzwa na kununuliwa, lakini jina lile haliuzwi sokoni Mbezi Luis. Nilikaa pale na mtoto wa mume wangu mapajani, ananinyonya kidole, na sikuweza kumrudisha wala kuinuka. Mtoto ana paji la uso la wanangu.

Rehema akaanza kumimina chai. Alipofika kwa Somoe, Somoe hakushika kikombe. Alinyoosha mkono akakichukua kifuniko kutoka juu ya birika, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kishungi.

“Mwenyekiti,” akasema taratibu, “hiki si kifuniko cha Bakari?”

Wote wakanigeukia.

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndilo ungamo lenyewe. Nilikuwa na njia ya ukweli. Ningesema ndiyo. Lakini ningesema ndiyo, mtu angemuuliza Rehema amelipata wapi, na Rehema, ambaye uso wake haukuwa na hila yoyote, angejibu kwamba baba wa mtoto ndiye aliyelileta. Angemtaja jina. Na mimi mwenyekiti, niliyewavua wenzangu vyombo vyao uani kwangu huku vigelegele vinapigwa, ningejulikana pale pale kwamba nilikuwa naijazia vyombo nyumba ndogo ya mume wangu. Niliona nyuso nne zinanicheka. Niliona mtaa mzima.

“Vinafanana tu, Somoe,” nikasema. “Wachongaji ni wengi.”

Hakuna kuku mwingine kama yule duniani. Nilijua, na sauti yangu ilitoka imara kabisa, kama ya kikaoni.

Somoe akanitazama usoni kwa muda. Kisha akakirudisha kifuniko juu ya birika. “Kweli,” akasema. “Vinafanana.” Akachukua kikombe akanywa chai, akamwambia Rehema ina hiliki nzuri.

Nilishusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi, nikajiambia nimepona.

Mume wangu aliporudi kesho yake mchana nilikuwa nimekaa sebuleni, mbele ya kabati tupu. Sikupiga kelele. Nilimwambia, “Jana nimempakata Nyamizi.” Akasimama mlangoni na kofia ya kazi mkononi. Nilitegemea akane, au apige magoti, au hata akasirike. Aliketi, akavua viatu.

“Nilitaka kukwambia taratibu,” akasema.

“Na vyombo vya mama yangu? Navyo ulitaka kuniambia taratibu?”

Akaniambia neno ambalo nikifa nitakwenda nalo. “Mbona ulivitoa mwenyewe? Mie sijakupora. Umevitoa kwa hiari, ukapigiwa na makofi. Si ulisema huvitaki vya nje?”

Akaeleza kwamba vyombo vya wenzangu aliviuza kweli, Mbezi Luis kama alivyosema. Alibakiza vile vizuri tu, vyangu na birika, kwa sababu Rehema alikuwa anaanza maisha na hakuwa na kitu. Alisema kama mtu anayeeleza jambo la busara. Nilimsikiliza nikagundua kwamba yale makofi yote, mikutano yote, sahani ya jirani kupinduliwa, mimi niliamini zaidi yake yeye. Pengine mwanzoni naye aliamini. Halafu akaona mke wake ni mwepesi wa kutoa.

Baada ya muda alihamia Tegeta moja kwa moja. Mama Kelvin alipojua alikuja kwangu analia, amefunika uso, akaapa kwamba hakujua. Rehema naye aliambiwa kwamba mke wa kwanza alishaondoka zamani. Nikaacha uenyekiti. Mtaa ukanionea huruma sana. Wanawake waliniletea chakula kama kwenye msiba, na hakuna aliyeniuliza habari za birika, kwa sababu wale waliokuwepo siku ile walikumbuka kwamba vinafanana. Huruma ile nilikuwa naila pamoja na ugali, nikijua siistahili yote.

Somoe naye alikuja na samaki. Aliweka bakuli mezani, akasema pole, akakaa kidogo akaondoka. Mkeka wa alasiri haukuwekwa tena. Alisema samaki siku hizi wanachelewa kwisha.

Nilichukua muda mrefu kuvuka ule uchochoro. Nyumba yake iko mbele yangu, nikifungua mlango namwona, na bado nilikuwa naahirisha, leo ana wageni, kesho ana mafua. Siku niliyokwenda nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Sikukaa.

“Somoe, lile birika lilikuwa lako.”

“Najua.”

“Nilisema uongo.”

“Najua na hilo.” Hakuinua kichwa. “Kishungi kilipinda kwa sababu nilimwita Bakari aje kula, akageuka, kisu kikateleza. Alitaka kukitupa, nikamkatalia. Sasa mie nitashindwaje kukijua?”

“Sasa mbona ulikubali?”

Akaweka ungo chini. “Nilipouliza sikuwa na maana yoyote. Nilikuwa nimeduwaa na kitu cha mume wangu, hata jina la mtoto lilikuwa limenipita. Wewe uliponijibu ndo nikakutazama usoni, nikakuona unavyotetemeka mdomo, na jina likanirudia. Mkweo si umenisimulia kila siku? Nikaelewa yote pale pale. Nikasema nikiongeza neno moja, huyu anavuliwa nguo mbele za watu. Nikakusitiri.”

Machozi yakanitoka. Nikataka kumshika mkono, akautoa akarudisha kwenye mchele.

“Kukusitiri sijutii,” akasema. “Hata kesho ningekusitiri. Nilichojua ni kwamba jioni ile ile utakuja. Nikawasha moto, nikaweka na maji. Ukapita hapa unakwenda dukani, ukanisalimia kama kawaida. Kesho yake tena. Ndo nikajua kumbe huji kwa sababu unadhani nimeamini. Yaani ulikaa ukaniona mie mjinga kiasi hicho, nisikijue kifuniko cha mume wangu.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba ameamini, na sikuwahi kujiuliza mtu anaaminije jambo kama lile.

Nikamwambia nitakwenda Tegeta, Rehema atanipa birika, hana roho mbaya, nitalileta leo hii. Somoe akatikisa kichwa. “Usiniletee. Kila nikimimina nitakusikia wewe unasema wachongaji ni wengi.”

Mume wangu alinisaliti, na kwa hilo nina watu wengi wa kunifariji. Nikilia leo au nikicheka kesho, nitakuta mwanamke mwenzangu ambaye naye yalimkuta. Lakini mimi nilimsaliti mtu aliyenifundisha kukuna nazi, na hilo hakuna wa kunifariji, maana aliyekuwa akinifariji ni yeye.

Dada zangu, nunueni cha nyumbani. Mimi bado nanunua, na sufuria za kile kiwanda siku hizi zimetulia chini, sina ugomvi nazo. Ila mwanamume akikuhimiza utoe vyako kwa ajili ya nchi, panda nawe kwenye gari ukaone vinaposhushwa. Na wewe unayeongoza wenzako, kabla hujamlazimisha mtu atoe kitu, muulize kwanza kimetoka kwa nani.

Siku hizi Somoe ananisalimia. Habari za kuamka, nzuri, watoto hawajambo, kisha anaendelea na samaki wake. Hajawahi kunikosea adabu hata mara moja, na hajawahi kuniita.

Kwa hiyo mwenzangu unayesoma hapa, ukisema uongo na rafiki yako akaukubali haraka, usishushe pumzi kama mimi. Huenda ameuona wote, na anakusitiri. Nenda kwake siku hiyo hiyo, kabla hajafika mahali pa kukusalimia tu.